Nguruwe zombi sebuleni: jinsi ya kuidhibiti potali ya Nether kwenye Minecraft

Wengi wakishawasha potali ya Nether, ule mlango wa kwenda ile dunia ya moto ndani ya gemu, kwa mara ya kwanza akili yote inahamia ng'ambo, kutafuta ngome, kutafuta blezi wale viumbe wa moto, kutafuta netherite ile madini ngumu kuliko almasi, potali yenyewe wanaiacha inawaka katikati ya nyumba pembeni ya kitanda, halafu baadae unasikia mtu analalamika eti kuna nguruwe ameoza kasimama jikoni na upanga wa dhahabu mkononi na milango yote ilikuwa imefungwa, kaingiaje? Kaingia kwa mlango ulioujenga mwenyewe. Potali haina kufuli na haichagui nani apite, wewe ukipita na wao wanapita.

Kwaiyo mwongozo huu hauanzi na upanga. Unaanza na potali yenyewe, iko wapi, imezungukwa na nini, inawaka saa ngapi, maana ukishaiweka sawa potali kupigana kunabaki kitu kidogo sana. Namba nitakazotaja ni za Java, ile ya kompyuta. Ukicheza ile ya simu, Bedrock, tabia za viumbe kwa sehemu kubwa ni zilezile ila kasi ya wao kuzuka haiko sawa, usinihesabie dakika.

Kwanza jua anatokea wapi

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya kila siku.

Njia ya kwanza ni kuzaliwa kwenye potali. Nguruwe zombi (yule ambaye mpaka toleo la 1.16 la Juni 2020 alikuwa na jina lingine, wazee wa gemu wanamjua) anaweza kuzuka chini ya potali iliyoko upande wetu wa duniani bila kutoka Nether kabisa, gemu linamuumba palepale. Potali ndogo kuliko zote, fremu ya upana 4 na kimo 5, ina bloki 6 za zambarau ndani, na kila bloki ikipata zamu yake ya bahati nasibu kuna nafasi 1 kati ya 2000 ya kumtoa mmoja ukiwa kwenye ugumu wa Easy, 2 kwenye Normal, 3 kwenye Hard. Ukipiga hesabu inakuja wastani wa nguruwe mmoja kwa kama masaa 3 kwenye Normal, masaa 2 na kidogo kwenye Hard, masaa 6 na kitu kwenye Easy, na hiyo ni ukiwa uko karibu na potali muda wote huo. Ni wachache kabisa. Shida inakuja kwa wale wanaojenga mageti makubwa kwa ajili ya sifa, fremu ya 23 kwa 23 ambayo ndo mwisho wa saizi ina bloki 441 ndani, hiyo kwenye Normal inakutemea nguruwe mmoja kila dakika mbili na nusu hivi, halafu mtu anashangaa kwanini uwanja umejaa.

Njia ya pili ni kuvuka kweli kweli. Kiumbe yupo Nether, anagusa zambarau, anatokea kwako. Na hapa kuna kitu kimoja ambacho kinaamua mambo mengi sana: wewe mchezaji ukisimama ndani ya potali unasubiri sekunde 4 ndo uvuke, ila wao hawasubiri, wakigusa tu wameshapita. Kwaiyo kwenye mbio za kukimbilia potali we ndo wa mwisho kuondoka. Akishavuka ana kama sekunde 15 ambazo potali haimrudishi, na akibaki amesimama ndani ya ile zambarau huo muda unaanza upya kila wakati, ndo maana unawakuta wamegandia pale kama wamesahau walikuja kufanya nini.

Sasa sikiliza hii maana inaondoa hofu nyingi. Kama unacheza peke yako na uko nyumbani, kule Nether hakuna kinachotembea, gemu haliendeshi sehemu ambayo hakuna mchezaji. Hakuna jeshi linalopanga foleni kule likisubiri ulale. Wanaovuka wanavuka muda ule unaingia au unatoka, na anayetokea ukiwa umetulia nyumbani karibu wote ni wale wa kuzaliwa kwenye potali, nguruwe zombi basi. Kwenye seva na washkaji ni habari nyingine kabisa, mmoja akiwa anachimba kule karibu na potali upande wa pili unaishi, na wewe uliyeko nyumbani unapokea wageni wake.

Hatua ya 1: iondoe potali nyumbani

Kama ipo sebuleni ivunje. Obsidiani, yale mawe meusi ya fremu, inachimbwa kwa sururu ya almasi au netherite tu, kama sekunde 9 kila bloki kwa almasi isiyo na uchawi, na hauhitaji zote 14, pembe nne unaweza kuziacha wazi ukabaki na 10.

Ipeleke mbali na vitu vitatu: kitanda, wanakijiji na mifugo. Kitanda kwasababu nguruwe zombi akiwa na hasira karibu yako gemu halikuruhusu kulala. Wanakijiji, yeye mwenyewe kwa Java hana shida nao, ila golemu wa chuma, yule mlinzi wa kijiji, akimuona anamshambulia na hapo fujo inaanza katikati ya kijiji. Na kama unafuga kasa pale ufukweni basi weka potali mbali zaidi, hawa jamaa wanafuata mayai ya kasa na kuyakanyaga. Mimi napenda bloki 30 au 40 kutoka nyumba, karibu ya kutosha kukimbilia na mbali ya kutosha kutosikia miguno yao usiku.

Ukihamisha potali hakikisha unahamisha pande zote mbili. Bloki 1 ya Nether ni bloki 8 za duniani, kwaiyo unachukua X na Z (namba za mahali ilipo) za potali mpya unagawa kwa 8. Mfano potali mpya iko X 800 na Z -400, upande wa Nether ijenge X 100 na Z -50, urefu wa Y haugawanywi. Usipofanya hivo gemu likikupeleka Nether linatafuta potali iliyo ndani ya bloki 16 za ile pointi, na ukirudi duniani linatafuta ndani ya bloki 128, linakupachika kwenye yoyote linayoikuta. Ndo pale unarudi unatokea potali ya jirani.

Hatua ya 2: jenga chumba, na hiki ndo cha kukitumia muda

Potali isimame ndani ya chumba chake. Kisiwe kikubwa, ndani bloki 5 kwa 5 inatosha, dari ikae juu ya fremu palepale. Ukuta tumia mawe ya kawaida yale unayoyapata ukichimba jiwe kwa sururu, hakuna haja ya urembo.

Mlango uwe wa chuma. Vipande 6 vya chuma vinakupa milango 3 kwaiyo sio gharama. Wa mbao usiweke maana piglini, yule nguruwe mtu wa Nether, anajua kufungua mlango wa mbao, anaufungua kama kwake. Wa chuma unafunguliwa na kitufe, weka kimoja ndani kimoja nje. Usije ukaweka ile pleti ya kukanyaga upande wa ndani, najua inaonekana rahisi maana mikono yote iko bize, ila kiumbe naye ana miguu, akiikanyaga mlango unafunguka na wewe umemjengea geti la otomatiki.

Kama chuma bado hauna tumia uzio wa mbao kuzunguka, na bloki moja ya uzio juu yake uweke zulia. Wewe unaruka unapanda juu ya zulia unavuka, wao wanaona uzio tu wanabaki ndani. Ni ujanja wa zamani na bado unafanya kazi.

Kisha dirisha la kupigia. Usiache tundu la bloki nzima, watoto wa nguruwe zombi wanapita hapo na ndo wabaya kuliko wakubwa maana wana mbio. Acha nusu bloki, yani chini kabisa kwenye usawa wa miguu weka kile kibao cha nusu upande wa juu ili ibaki nafasi nyembamba chini yake. Simama nyuma kidogo, mkono wako ni mrefu kuliko wake, we unapiga miguu yeye anabaki anasukumana na ukuta.

Na kama unataka kitu cha bei ya bure kabisa, weka mtumbwi mbele ya potali. Ndio mtumbwi, nchi kavu. Kiumbe akitoka akaugusa anakaa ndani na hatoki mwenyewe mpaka uuvunje. Unachukua viumbe wawili. Nguruwe zombi, piglini, skeletoni, wote wanakaa kwa adabu. Usimsogelee tu ukadhani kwa kuwa kakaa hapigi, anapiga.

Vitu ambavyo watu wanaweka na havifanyi kazi

Lava mbele ya potali. Hawa wametoka Nether, nguruwe zombi haungui na moto wala lava, blezi wala gasti (yule mkubwa anayeruka na kurusha mipira ya moto) wala magma kyubu ndo kabisa. Unachochoma ni vitu vyako na labda wewe mwenyewe.

Kusubiri asubuhi jua liwachome. Zombi wa kawaida anaungua, huyu haungui.

Kumzamisha kwenye maji. Hafi maji. Maji yana kazi moja nzuri tu, kumsukuma kumpeleka unakotaka, mpaka kwenye shimo. Na shimo ndo linafanya kazi: mwenye uhai 20 akidondoka bloki 23 anakufa, na kwa kuwa haukumgusa wenzake hawana habari na wewe. Unashuka chini unaokota nyama mbovu na vipande vidogo vya dhahabu. Dhahabu ile nzima inadondoka mara chache tena kwa aliyeuliwa na mchezaji, kwaiyo shimo ni la usalama, utajiri tafuta kwengine.

Taa nyingi kuzunguka potali nazo hazimzuii yule anayezaliwa ndani ya potali. Weka taa kwa ajili ya zombi wa kawaida na kripa, yule anayelipuka, hiyo ni sababu tosha.

Hatua ya 3: upande wa Nether

Huku ndo watu wanapuuzia. Kitu cha kwanza ukifika, kabla haujaenda kuangalia chochote, funika potali kwa mawe pande zote na juu, mawe yaleyale ya kawaida. Beba stack mbili tatu (moja ni bloki 64) toka nyumbani. Zile bloki nyekundu za kule ni laini, mpira mmoja wa gasti unazitoboa, mawe yanastahimili.

Sababu ni kwamba obsidiani haivunjiki kwa mlipuko wa gasti ila zambarau iliyo ndani inazimika. Umetoka kutembea, unarudi na mfuko umejaa, unakuta fremu nyeusi tupu. Kwaiyo sheria namba moja ya Nether ni kwamba hauvuki bila kile kiwashio cha chuma na jiwe la gumegume mfukoni. Kipande kimoja cha chuma, gumegume moja ambayo unaipata kwa kuchimba changarawe, inachukua dakika chache tu hiyo na inawasha mara 64.

Umebaki kule na hauna? Kuna njia. Kuna ile mipira ya moto, unga wa blezi na makaa na baruti unapata mitatu kwa mpigo, na piglini nao wanaitoa wakati mwingine ukiwarushia dhahabu. Kuna lava, imwage jirani na mbao zilizo kwenye fremu mpaka moto ushike ndani, ila ziwe mbao za huku kwetu, zile za miti ya Nether haziungui hata ukizibembeleza. Na kuna ya vichaa, unasimama ndani ya fremu gasti akuone akurushie mpira, unakwepa, moto ukiwaka ndani ya fremu potali inarudi. Inawezekana kabisa ila bora kiwashio.

Chumba hiki cha Nether kiwe kidogo kwa makusudi. Gasti ni bloki 4 kila upande, hatoshi humo, na asipotosha hagusi potali. Wengine wanadhani gasti hawezi kuvuka, anaweza, hata gemu lenyewe lina tuzo inayokutaka umtoe Nether umlete duniani ndo umuulie huku. (Yule gasti mpole wa kupanda aliyekuja Juni 2025 ni mwengine, anakuzwa kwa kuwekwa majini, yeye usimpige.) Mlango wako usizidi kimo cha bloki 2 kwasababu skeletoni mweusi wa kwenye ngome ana kimo cha bloki 2.4, hapiti, atakuangalia tu.

Sanduku la akiba liwe ndani ya chumba hiki, weka kiwashio cha pili, chakula, na mawe. Ndani, sio nje. Piglini akikuona unafungua sanduku anachukia hata kama umevaa dhahabu, kwao kila sanduku ni lao.

Na kwa kuwa tumegusa dhahabu: vaa kipande kimoja, viatu ndo rahisi, vipande 4 tu. Piglini wa kawaida wanakuacha. Yule mbabe wa kwenye magofu yao hajali umevaa nini, ana uhai 50, huyo kimbia.

Hatua ya 4: namna ya kuvuka ukiwa unafukuzwa

Hapa ndo zile sekunde 4 zinapokuumiza. Ukikimbilia potali na kundi liko nyuma, utasimama ndani unazunguka na zambarau huku wanakupiga, na ukitoka nje hesabu inarudi nyuma haraka. Kwaiyo chumba chako cha Nether kina kazi mbili, ingia, funga, ndo usimame kwenye potali ukiwa na amani.

Kama hakuna chumba, ingia kwenye fremu halafu weka bloki mbili mbele yako na mbili nyuma. Bloki nne, sekunde mbili, ukizoea hata kwa kidole kwenye simu unaziweka. Wanaobaki nje hawakufikii kirahisi.

Wakikutangulia, na wengine watakutangulia maana wakigusa wamepita, ukitokea nyumbani usisimame mbele ya potali. Toka pembeni ya fremu, ubao wa obsidiani ukukinge, ngao juu. Wanatoka mmoja mmoja na kwa kuwa una chumba hakuna anayekwenda popote, we unabonyeza kitufe unatoka mlango unajifunga wenyewe, kisha unakuja kwenye dirisha la chini kuwahudumia.

Hatua ya 5: aliyevuka ni nani?

*Nguruwe zombi.* Usimguse. Hana ugomvi na wewe mpaka umpige, na ukimpiga mmoja waliopo jirani wote wanakuja. Kwenye Normal upanga wake unatoa 8 kati ya uhai wako wa 20, Hard unatoa 12, kwaiyo wawili wakikuwahi hauna silaha za maana umeisha. Kwenye seva ndo utamu, kuna yule rafiki ambaye lazima apige mmoja "aone itakuwaje", halafu anakimbilia ulipo wewe. Wakishachachamaa kimbia mbali wakupoteze machoni, hasira yao inaisha yenyewe baada ya muda sio mrefu. Ukifa pia wanatulia, sio ushauri lakini.

Kama lazima umuue, awe peke yake ndani ya chumba, dirisha la chini, basi.

*Piglini.* Mpe sekunde 15. Akifika duniani anaanza kutetemeka na muda huo ukiisha anageuka nguruwe zombi, kwaiyo kama alikuwa anakupiga mishale jikinge tu mpaka ageuke. Na wale wenye wazo la kuleta piglini nyumbani wafanye nae biashara ya dhahabu, haiwezekani kwa njia ya kawaida, biashara inafanyika kulekule. Ukitaka wasisogee potali yako ya Nether weka taa na mienge ile ya bluu ya moto wa roho, wanaiogopa.

*Hoglini.* Nguruwe pori wa Nether. Yeye mwenyewe anaikimbia potali, haikaribii, pia anakimbia ule uyoga wa bluu wa Nether hata ukiwa kwenye chungu. Akivuka basi ujue kasukumwa au kuna mtu kamleta. Akikaa sekunde zake 15 anakuwa zoglini na huyo ndo kiumbe pekee kwenye orodha hii ninayesema usimruhusu kabisa, uhai 40, anapiga karibu kila kitu kinachopumua, ng'ombe, kondoo, wanakijiji, wewe, bila kuchokozwa. Panda juu bloki 3 kwenda juu, chukua upinde, ummalize kutoka hapo. Kama kuna mtu kwenye seva anataka kuleta hoglini duniani "kwa ajili ya nyama" mnyang'anye obsidiani.

*Gasti.* Uhai 10 tu, mishale miwili mitatu. Mpira wake unaupiga kwa mkono unarudi kwake, subiri ukaribie, usiwahi. Akiwa duniani shida yake ni kwamba ana anga lote na wewe una paa la nyasi.

*Blezi.* Duniani ni mnyonge. Mvua inamuumiza, maji yanamuumiza, mpira wa theluji unamtoa 3 kati ya 20. Weka ndoo ya maji kwenye chumba cha potali kwa ajili yake. Kumbuka hiyo ndoo kule Nether haina kazi, maji yanakauka ukiyamwaga.

*Skeletoni mweusi.* Akikugusa uhai unaendelea kupungua wenyewe, kunywa maziwa unapona. Magma kyubu anagawanyika, piga wadogo mwishoni, sio tatizo.

Na usisahau trafiki ya kwenda. Kripa wa duniani naye anavuka, anakulipukia upande wa Nether ambako sakafu ni laini na chini kuna lava, au analipuka palepale nyumbani na kuizima potali. Ndo ile sababu ya taa nje ya chumba.

Hatua ya 6: izime

Watu hawafikirii hili na ni rahisi kuliko yote. Potali iliyozimwa haizai na haivushi. Ukishamaliza safari vunja obsidiani moja ya pembeni, zambarau inaondoka yote. Ukitaka kusafiri rudisha bloki, washa. Kwa mtu anayeenda Nether mara chache hii inatosha hata bila chumba, sekunde 9 za kuchimba na umelala.

Ila kwenye seva mna kitu cha kukubaliana kabla ya kuzima potali ya nyumbani. Kama mwenzenu yuko Nether na nyinyi mmezima huku, akirudi gemu halioni potali inayowaka, litamtengenezea mpya karibu na hapo, inaweza kuwa juu ya paa, inaweza kuwa ndani ya pango chini ya shamba, na ile mpya itabaki inawaka na kuzaa nguruwe mpaka mtu aitafute. Ukiona nguruwe zombi wanatokea sehemu ambayo hamna potali mnayoijua, anza kutafuta chini ya ardhi, sikiliza ule mvumo wake. Ukiipata usiishie kuvunja bloki moja, chukua obsidiani zote kumi na ngapi hizo ziende stoo, kisha nenda upande wa Nether uangalie ilikuwa imeunganishwa na potali gani, na hiyo nayo kama haina mwenyewe ing'oe.

Mkizidiwa kabisa, uwanja umejaa na hakuna mwenye silaha, mwenye dunia aende kwenye seting abadilishe iwe Peaceful, ule ugumu usio na maadui, kidogo, nguruwe zombi wote na gasti wanapotea, kisha mnarudisha. Kuna watakaosema ni kudanganya. Waache waseme, we jenga chumba kabla haujarudisha.